Makasri ya Bonde la Loire: Historia ya Ufaransa kwa miguu na kwa baiskeli

Kila mwaka watalii kwa mamilioni huzuru makasri ya kale yaliyotapakaa kandokando ya mto Loire, katikati na magharibi ya Ufaransa. Wengi wao huwasili kwa basi asubuhi, huoneshwa vyumba kadhaa vya wafalme, hupiga picha, kisha huondoka kuwahi kasri jingine kabla ya jua kutua. Wapo hata hivyo wanaochagua njia ya polepole, yaani kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli kutoka kasri moja hadi jingine, wakifuata njia zilizotengwa kwa ajili hiyo kando ya mto.

Wanachokipata wasafiri hao si mazoezi ya viungo peke yake. Makasri ya Loire hayakujengwa ili yasimame pweke, kila moja na hadithi yake. Yalikuwa vituo vya watawala waliokuwa safarini daima, na mara nyingi umbali baina ya kituo na kituo haukuzidi safari ya siku moja. Anayeupita umbali huo kwa nguvu zake mwenyewe huona kwa urahisi zaidi jinsi mto, mawe, kodi, anasa na kifungo vilivyofungamana katika historia moja.

Kasri, ngome au husuni?

Neno la Kifaransa château lina maana pana kuliko neno lolote moja la Kiswahili. Hutumika kwa ngome yenye minara na mahandaki, iliyojengwa kujikinga na adui. Hutumika vilevile kwa jumba la starehe lenye madirisha mapana, ambalo lisingeweza kustahimili kuzingirwa hata kwa juma moja.

Mkanganyiko huo si mgeni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Magofu ya Husuni Kubwa, huko Kilwa Kisiwani, yana jina lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha ngome, ilhali palikuwa kasri la sultani mwanzoni mwa karne ya 14, lenye nyua, kumbi na birika la kuogelea. Kwa sadfa, magofu ya Kilwa na kasri la Chambord, lililo kubwa kuliko yote katika bonde la Loire, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 1981.

Katika bonde la Loire, ngome ndiyo iliyotangulia. Mnara mkuu wa Loches, wenye urefu wa mita zipatazo 36, ulijengwa katika karne ya 11, wakati makabaila wa eneo hilo walipokuwa wakipigania kila kivuko na kila kilima. Baadaye vilikuja Vita vya Miaka Mia baina ya Ufaransa na Uingereza, kuanzia 1337 hadi 1453. Paris ilipokuwa mikononi mwa Waingereza na washirika wao, mrithi wa kiti cha ufalme, Charles wa Saba, alijihifadhi katika ngome za Loire. Ni katika ngome ya Chinon, mapema mwaka 1429, ambako msichana wa kijijini, Jeanne d'Arc, alifika mbele yake na kumsihi ampe askari.

Vita vilipokwisha, wafalme hawakuharakisha kurudi Paris. Mwaka 1494 Charles wa Nane alivuka milima ya Alpi kwenda kupigana Italia, na alirejea na mafundi, watunza bustani na ladha mpya ya ujenzi. Tangu hapo kuta zilianza kutobolewa madirisha, minara ikabaki kuwa pambo, na mahandaki yakajazwa maji ili jumba lijitazame kama kwenye kioo.

Mto uliokuwa barabara kuu

Loire ni mto mrefu kuliko yote nchini Ufaransa, ukiwa na urefu unaozidi kilomita 1,000. Leo karibu hauna vyombo vya usafirishaji, lakini kwa karne nyingi ulikuwa barabara kuu ya nchi. Mashua zenye sakafu bapa, zilizoweza kupita penye maji ya kina kifupi, zilibeba mvinyo, chumvi, nafaka na mawe. Kuteremka zilisaidiwa na mkondo. Kupanda zilitweka tanga la mraba na kutegemea upepo wa magharibi unaotoka bahari ya Atlantiki, kama manahodha wa majahazi walivyongojea kusi ili warudi kaskazini. Biashara hiyo ilidumu hadi reli ilipofika. Njia ya treni baina ya Orléans na Tours ilifunguliwa mwaka 1846, na baada ya hapo mashua hazikuweza tena kushindana.

Mawe yenyewe yanatoka papo hapo. Ni mawe ya chokaa, meupe na laini, rahisi kukatwa na kuchongwa. Kwenye majabali ya kingo za mto, msafiri wa miguu huona mashimo makubwa yaliyoachwa na wachimbaji. Mengi yaligeuzwa kuwa maghala ya mvinyo au nyumba za kuishi, na baadhi yana wakazi hadi leo, wenye milango na mapazia mbele na jabali nyuma. Kasri na pango, kwa maneno mengine, vimetoka katika mwamba mmoja. Jambo hilo halionekani kwa urahisi kupitia dirisha la basi.

Wenye makasri nao walikuwa watu wa kuhamahama. Katika karne ya 16 mfalme wa Ufaransa hakuwa na makazi ya kudumu. Alitembea na baraza lake, mahakimu, wapishi, wawindaji na maelfu ya farasi, akikaa mahali kwa siku au majuma machache, mpaka vyakula na malisho ya eneo lile vipungue. Vitanda, mazulia ya ukutani na vyombo vya meza vilifungwa na kupakiwa katika magari. Ndiyo maana neno la Kifaransa la samani, meubles, maana yake ni vitu vinavyohamishika. Mfalme alipoondoka, kasri lilibaki tupu na baridi.

Kutoka Blois hadi Chambord

Mji wa Blois hufaa kuwa mwanzo wa safari, kwa kuwa unafikika kwa treni kutoka Paris na kasri lake limo mjini. Katika ua mmoja mgeni huona mitindo ya ujenzi ya kuanzia karne ya 13 hadi ya 17, kila mtawala akiwa ameongeza upande wake. Hapa pia siasa ya Ufaransa ilimwaga damu. Tarehe 23 Desemba 1588, Mfalme Henri wa Tatu alimwita hasimu wake, mtawala wa Guise, kana kwamba ni kwa mashauriano, na walinzi wakamuua kwa majambia karibu na chumba cha mfalme. Miezi saba hivi baadaye mfalme mwenyewe aliuawa.

Kutoka Blois hadi Chambord ni kilomita kama 18 kwa baiskeli, sehemu kubwa ikipita kando ya mto, vijijini na msituni. Ukuta wenye urefu wa kilomita 32 umeuzunguka msitu wa Chambord, ambao eneo lake, hekta 5,440, ni takriban nusu ya ukubwa wa jiji la Paris lenyewe bila viunga vyake. Mwendesha baiskeli huingia kwa lango la ukuta huo na kusafiri muda mrefu kati ya miti kabla ya kuona chochote. Kisha msitu hufunguka ghafla, na juu ya nyasi hujitokeza paa lenye minara na mabomba ya moshi mengi kama mji mzima.

Ujenzi ulianza mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza. Kasri lina vyumba zaidi ya 400, mahali pa kuotea moto 282 na ngazi 77. Ngazi mashuhuri kuliko zote imesimama katikati. Ni ngazi mbili zinazozunguka mhimili mmoja, hivi kwamba anayepanda na anayeshuka huweza kuonana kupitia madirisha ya katikati bila kupishana. Wengi huinasibisha na Leonardo da Vinci, aliyekuwa mgeni wa mfalme huyo, ingawa msanii huyo alifariki dunia miezi michache kabla ya kazi kuanza na hakuna ushahidi wa moja kwa moja wa mkono wake.

Katika utawala wake wa miaka 32, François alikaa Chambord siku 72 tu kwa jumla. Lilikuwa jumba la kuwinda na la kuwaonesha wageni uwezo wa taji la Ufaransa. Karne nne baadaye lilipata kazi nyingine isiyotarajiwa. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia mwaka 1939, sanaa za makumbusho ya Louvre zilihamishwa kutoka Paris na nyingi zikahifadhiwa hapa, na kwa muda picha ya Mona Lisa ilikuwa miongoni mwake.

Nani aliyelipa?

Swali hilo halikosi kumjia anayesimama mbele ya Chambord akiwa na vumbi la safari. Mwaka 1525 François alishindwa vitani huko Pavia, Italia, na kuchukuliwa mateka na mahasimu wake. Aliachiwa mwaka uliofuata kwa sharti la kuwatoa wanawe wawili, ambao hakuna aliyekuwa ametimiza miaka 9, washikiliwe Hispania badala yake. Watoto hao walikaa kifungoni hadi 1530, ilipolipwa fidia ya ecu milioni mbili za dhahabu. Katika miaka hiyohiyo, kazi ya ujenzi huko Chambord ilikuwa imeanza tena.

Mzigo uliangukia wasiokuwa na cheo. Kodi kuu ya wakati huo, iliyoitwa taille, ililipwa na wakulima na watu wa kawaida, huku makabaila na mapadri wakisamehewa. Ilikuwapo pia kodi ya chumvi, iliyochukiwa sana kwa sababu hakuna aliyeweza kuishi bila chumvi. Misamaha hiyo ya waheshimiwa ndiyo iliyofutwa katika kikao cha bunge cha usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, mwanzoni mwa Mapinduzi ya Ufaransa.

Hata waliofaidi hawakuwa na usalama. Kasri la Azay-le-Rideau, lililojengwa juu ya kisiwa katika mto Indre, lilikuwa la Gilles Berthelot, mmoja wa wasimamizi wa fedha za mfalme. Mwaka 1527 ndugu yake katika kazi hiyo, Semblançay, alinyongwa kwa tuhuma za ubadhirifu. Berthelot alitoroka akiacha jumba halijakamilika, na mfalme akalitwaa. Tangu mwaka 1905 ni mali ya serikali. Mgeni anayelizunguka hadi leo huona kwamba jumba hilo halikukamilishwa kamwe.

Amboise: wageni na wafungwa

Kutoka Blois, njia ya baiskeli hupita Chaumont, ambako tangu 1992 hufanyika tamasha la kimataifa la bustani kila mwaka, kisha hufika Amboise baada ya kilomita zipatazo 40. Kasri la Amboise limesimama juu ya jabali, likiutazama mto. Charles wa Nane alizaliwa hapa na alifia hapa mwaka 1498, baada ya kujigonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Mnamo Machi 1560, Waprotestanti waliotuhumiwa kula njama dhidi ya mfalme waliuawa kwa wingi, na baadhi yao walitundikwa kwenye roshani ya kasri.

Mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo ndipo ilipo nyumba ya Clos Lucé. Leonardo da Vinci aliletwa hapa na François mwaka 1516, akapewa makazi na posho, na akafariki tarehe 2 Mei 1519. Kaburi linalotajwa kuwa lake limo katika kanisa dogo ndani ya kuta za kasri.

Wageni wengi huishia hapo. Wanaokaa zaidi hufika sehemu ya bustani yenye mawe 25 yaliyopangwa kwa ukimya juu ya nyasi. Ni kumbukumbu ya mkasa ambao kwa muda mrefu ulitajwa kwa sauti ya chini.

Amiri Abdelkader alikuwa mwanachuoni na kiongozi wa upinzani dhidi ya uvamizi wa Wafaransa nchini Algeria kuanzia 1832. Alipoweka silaha chini mnamo Desemba 1847, aliahidiwa kwamba yeye na watu wake wangesafirishwa hadi Alexandria au Akka. Ahadi hiyo haikutimizwa. Meli iliwaleta Ufaransa, wakazuiliwa Toulon, kisha Pau, na kuanzia Novemba 1848 wakafungwa Amboise, wanaume, wanawake na watoto wapatao mia moja kwa jumla. Majira ya baridi, magonjwa na huzuni viliwaua wengi wao, watoto wakiwemo, na walizikwa katika bustani ya kasri.

Miaka hiyo Abdelkader aliitumia kwa ibada, kusoma na kupokea wageni, miongoni mwao mapadri na maofisa waliokuja kwa udadisi na kuondoka kwa heshima. Tarehe 16 Oktoba 1852, Louis-Napoléon Bonaparte, ambaye muda mfupi baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Mkuu Napoléon wa Tatu, alifika mwenyewe kumtangazia uhuru wake. Amiri alihamia Bursa, kisha Damascus. Huko, mwaka 1860, yeye na wafuasi wake Waalgeria waliwaokoa maelfu ya Wakristo katika machafuko ya mji huo. Mtu aliyenyimwa ahadi na dola ya Kikristo aliwafungulia Wakristo mlango wa nyumba yake. Alifariki mwaka 1883 akiwa bado ugenini, na masalia yake yalirejeshwa Algeria mwaka 1966.

Bustani ya kumbukumbu, kazi ya msanii wa Kialgeria Rachid Koraïchi, ilifunguliwa mwaka 2005. Hata hivyo, jeraha halijapona kabisa. Tarehe 5 Februari 2022, saa chache kabla ya kuzinduliwa mjini humo sanamu ya kumkumbuka Abdelkader, ilikutwa imeharibiwa na watu wasiojulikana. Sherehe ya uzinduzi iliendelea.

Chenonceau: daraja na mpaka

Kusini mwa Amboise, kilomita kama 15 kwa baiskeli, liko kasri la Chenonceau, lililojengwa juu ya mto Cher kama daraja. Waliolijenga na kulilinda kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Katherine Briçonnet alisimamia ujenzi wa jumba la kwanza kati ya 1513 na 1521, mumewe akiwa vitani. Mwaka 1547 Henri wa Pili alimpa kasri hilo kipenzi chake, Diane de Poitiers, naye akaamuru lijengwe daraja la kuvuka mto. Mfalme alipokufa mwaka 1559, mjane wake Catherine de Médicis alimwondoa Diane kwa kumlazimisha kupokea Chaumont badala yake, kisha akajenga juu ya daraja ukumbi wenye urefu wa mita 60.

Wakati wa Mapinduzi kasri lilinusurika kutokana na busara ya mmiliki wake mzee, Louise Dupin, aliyekuwa na uhusiano mwema na wanavijiji. Katika Vita Kuu ya Kwanza ukumbi huo uligeuzwa kuwa hospitali, na majeruhi zaidi ya 2,000 walitibiwa humo.

Katika Vita Kuu ya Pili ukumbi ulikuwa mpaka. Baada ya Ufaransa kushindwa mnamo Juni 1940, Wajerumani waliigawa nchi, na mto Cher ulikuwa sehemu ya mstari wa kugawa. Mlango mkuu wa Chenonceau ulikuwa katika eneo lililokaliwa na Wajerumani, na mlango wa kusini wa ukumbi ulifungukia eneo lisilokaliwa. Hadi Novemba 1942, kuwapitisha watu kwa siri katika ukumbi huo kulikuwa kuwapitisha kutoka nchi moja hadi nyingine. Waliokimbia makwao wataelewa bila kuelezwa uzito wa mita 60 za namna hiyo.

Magharibi ya Tours hadi baharini

Baada ya mji wa Tours makasri hukaribiana. Villandry, kilomita zisizofika 20, hujulikana zaidi kwa bustani zake kuliko kwa vyumba. Mwaka 1906 lilinunuliwa na daktari mtafiti mzaliwa wa Hispania, Joachim Carvallo, na mkewe Mmarekani, Ann Coleman. Walizirejesha bustani za mtindo wa kale, ikiwemo bustani ya mboga yenye miraba tisa ambamo kabichi, maboga na vitunguu hupandwa kwa kupangwa rangi. Mwaka 1924 Carvallo alianzisha chama cha wamiliki wa majumba ya kihistoria, akiwahimiza wayafungue kwa umma ili yapate fedha za matengenezo.

Jirani na hapo ni Langeais, ambako mwaka 1491 Charles wa Nane alimwoa Anne wa Bretagne, ndoa iliyofungua njia ya jimbo hilo kuunganishwa na Ufaransa. Mbele zaidi ni Chinon na Saumur. Halafu mto hupanuka na kuelekea Nantes, mji wa mwisho mkubwa kabla ya bahari.

Nantes ina kasri la watawala wa Bretagne, ambalo tangu 2007 ni makumbusho ya historia ya mji. Sehemu kubwa imetengwa kueleza biashara ya watumwa, kwani Nantes ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa katika biashara hiyo, na meli zake zilifanya safari zaidi ya 1,700 za kuwasafirisha Waafrika. Karibu na mto, kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2012 ina vipande vya kioo vilivyopangwa ardhini, vingi vikiwa na jina la meli na mwaka wa safari. Mgeni huvikanyaga akitembea.

Kwa Afrika Mashariki historia hii ina upande wake. Mwaka 1776, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, ili kupelekwa katika mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Safari inayoanza kwenye bustani za wafalme humalizikia kwenye majina ya meli, na ni vyema kuifikisha huko.

Kwa anayetaka kwenda

Njia ya baiskeli iitwayo La Loire à Vélo ina urefu wa kilomita zipatazo 900, kutoka karibu na mji wa Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye pwani ya Atlantiki. Ni sehemu ya njia ndefu zaidi inayovuka Ulaya hadi Bahari Nyeusi. Sehemu kubwa ni tambarare, na ina vibao vya kuelekeza. Nyingine hupita barabara ndogo zenye magari machache, nyingine juu ya matuta ya kale ya kuzuia mafuriko. Asiyekuwa na siku nyingi anaweza kuchagua Blois hadi Tours, pamoja na kwenda Chambord na Chenonceau, kwa siku nne au tano.

Kwa waendao kwa miguu kuna njia ya GR 3. Kipande chake cha Orléans hadi Beaugency, kilichozinduliwa mwaka 1947, kilikuwa cha kwanza katika mtandao wa njia ndefu za miguu nchini Ufaransa. Alama yake ni mistari miwili iliyopakwa kwenye miti, mawe au nguzo, mweupe juu na mwekundu chini. Mistari hiyo ikipishana kwa mfano wa msalaba wa X, msafiri amekosea njia. Mwendo wa kilomita 20 kwa siku unatosha, na humwachia mtu nafasi ya kuingia kasri moja bila haraka.

Miezi ya Mei, Juni na Septemba ndiyo bora. Julai na Agosti kuna joto na msongamano. Wakati wa baridi siku ni fupi, baadhi ya makasri hupunguza saa za kufungua, na mto unaweza kufurika. Wikiendi ya tatu ya Septemba huwa Siku za Urithi, ambapo majumba mengi hufunguliwa bure au kwa kiingilio nafuu.

Baiskeli hukodishwa katika miji yote mikubwa, zikiwemo za umeme, na maduka mengine huruhusu kuirudisha mji mwingine. Hoteli, nyumba za wageni na maeneo ya kupiga hema yenye nembo ya Accueil Vélo yako karibu na njia, na hutoa mahali salama pa kuifungia baiskeli na zana za matengenezo madogo. Msafiri achukue pampu, viraka, kufuli imara, koti la mvua na maji ya kutosha, kwani vijijini maduka mengi hufungwa mchana na siku za Jumapili. Treni nyingi za mikoa hupakia baiskeli, na katika majira ya joto kuna treni zenye nafasi maalumu kwa ajili hiyo baina ya Orléans na Le Croisic.

Kuhusu gharama, kutembea katika sehemu za wazi za msitu wa Chambord na kuyaona makasri mengi kwa nje hakulipiwi. Viingilio vya ndani ndivyo vinavyojumlika haraka, hivyo kuingia kasri moja kwa siku ni busara kwa mfuko na kwa macho. Isitoshe, tangu Januari 2026 baadhi ya maeneo makuu ya serikali, Louvre na Chambord yakiwemo, huwatoza wageni wasiotoka nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya kiingilio cha juu zaidi.

Raia wa nchi za Afrika Mashariki na wa Kongo wanahitaji viza ya Schengen, hata wanapoishi Uingereza au Ghuba, na huiomba katika nchi wanamoishi kihalali. Huruhusu kukaa hadi siku 90 katika kipindi cha siku 180, na bima ya safari ya angalau euro 30,000 ni sharti. Maombi yapelekwe mapema, kwani miadi katika majira ya joto huwa adimu.

Urithi unaohitaji mikono

Mwaka 2000 bonde la Loire, kuanzia Sully hadi Chalonnes, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo uliingizwa pia Mji Mkongwe wa Zanzibar. Yote mawili yamejengwa kwa mawe yanayodhurika kwa unyevu, moja kwa chokaa laini, jingine kwa matumbawe, na katika yote mawili gharama ya kuzuia jengo lisianguke haina mwisho. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020 kulikumbusha hivyo kwa uchungu. Katika Loire, mafuriko ya Juni 2016 yaliizunguka Chambord kwa maji.

Tofauti iko katika mipango ya muda mrefu. Ufaransa imegawanya mzigo baina ya serikali, miji, wamiliki binafsi, wafadhili na mamilioni ya wanunuzi wa tiketi. Njia ya baiskeli ni sehemu ya mpango huo, kwani humfanya mgeni alale katika mji mdogo, ale katika mkahawa wa kijijini na aache fedha mahali ambapo basi halisimami. Hata hivyo, kuhifadhi mawe peke yake hakutoshi. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kabla ya waliozikwa katika bustani ya Amboise kupata bustani ya kumbukumbu inayowastahili, na miaka zaidi ya 160 tangu utumwa ukomeshwe katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848 kabla ya majina ya meli za Nantes kuwekwa wazi chini ya miguu ya wapita njia.